Chardonnay ya pipa mezani pwani: ndimu, pilipili na friji ndivyo vilivyogombana na chupa yako

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nililetewa chupa tatu za mvinyo mweupe wa Chardonnay kutoka Stellenbosch, Afrika Kusini. Lebo inasema alkoholi asilimia 14 na miezi 11 ndani ya mapipa ya mwaloni wa Ufaransa. Moja tuliifungua moja kwa moja kutoka kwenye friji, tukanywa na changu wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, kachumbari na pilipili ya kusaga. Mvinyo ulikuwa mchungu, koo likawaka, na harufu ilikuwa kama ya mbao. Zimebaki mbili. Mwisho wa mwezi nina wageni wanane, nataka kupika samaki wa kupaka na pilau. Je, chupa ni mbovu? Na mvinyo wa namna hii unaliwa na nini? — Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa maelezo yako, chupa ilikuwa nzima. Mvinyo mzito uliwekwa pamoja na vitu vitatu usivyopatana navyo: ndimu nyingi, pilipili kali na baridi ya friji. Ukivipunguza hivyo na kumpaka samaki yuleyule tui zito, mvinyo uleule utakuja na sura nyingine kabisa.

Hata hivyo zikague hizo mbili mapema, usingoje wageni wafike. Kama ni za kizibo, tazama mdomo wa chupa: kizibo kilichosukumwa juu, au michirizi ya mvinyo uliovuja chini ya karatasi ya shingoni, maana yake chupa ilipigwa na joto njiani au ilikaa juani kwenye dirisha la duka. Siku ya kufungua, mimina kidogo kwenye glasi uitazame juu ya karatasi nyeupe. Rangi ya dhahabu ni halali kwa mvinyo uliokaa kwenye pipa. Rangi ya chai kavu pamoja na harufu ya tufaha lililopondeka ni dalili kwamba hewa imeshauharibu. Harufu ya boksi la karatasi lililolowa likasahaulika uvunguni hutokana na kizibo, na hiyo haina dawa. Harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi huondoka ukizungusha glasi dakika chache. Punje zing'aazo chini ya chupa ni chumvi za zabibu zenyewe, hazidhuru. Ama hiyo harufu ya mbao uliyoisikia, imetiwa makusudi, na sehemu ya bei ya chupa yako ni yake.

Tuanze na uzito wenyewe, kwa sababu ukiuelewa hutahitaji kukariri orodha ya vyakula. Uzito wa mvinyo ni namna unavyokaa mdomoni, kama tofauti ya maziwa yaliyoondolewa mafuta na maziwa yenye mafuta yake yote. Zabibu ya Chardonnay haina harufu nyingi ya kwake. Anayeijenga ni mtengenezaji. Alkoholi ya asilimia 14 hutoa unene na joto. Hamira ikishamaliza kazi hufa na kutulia chini ya pipa kama mashapo, na mtengenezaji anayetaka unene zaidi huyakoroga kwa fimbo kila baada ya siku kadhaa. Halafu huja bakteria wanaogeuza asidi ya maliki, ile kali ya tufaha bichi, kuwa asidi ya laktiki, ile ya mtindi. Katika kazi hiyo hutoa diasetili, na hiyo ndiyo harufu ya siagi. Mwishoni unabaki na mvinyo mnene, wenye joto, na wenye ukali mdogo kuliko mvinyo mweupe mwepesi.

Pipa nalo lina lake, na hapa mtu wa Tanga ana bahati kuliko mtu wa Paris. Mafundi hukunja mbao za pipa juu ya moto, na ndani ya pipa hubaki na ngozi iliyobabuka. Kutoka kwenye mbao hizo mvinyo huchukua harufu ya vanila, harufu ya mkate uliobanikwa, na nyingine mbili tunazozijua vizuri. Moja hutokana na laktoni za mwaloni, ambazo zinanukia nazi. Nyingine ni yujenoli, na yujenoli ndiyo hasa inayoifanya karafuu inukie karafuu. Mafuta ya karafuu za Pemba kwa sehemu kubwa ni yujenoli tupu. Mwaloni wa Marekani hutoa nazi nyingi zaidi. Wa Ufaransa, kama wako, ni mpole kwa nazi na huonyesha zaidi viungo na ukaango. Kwa hiyo umeshika chupa yenye nazi na karafuu ndani yake, na unaniuliza kama inafaa samaki wa kupaka na pilau. Inafaa. Cha kulinda ni ndimu na pilipili zisiifunike.

Usiniamini kwa maneno tu. Chukua mvinyo wowote wa aina hii, hata glasi moja, na visahani vitano: chumvi, kipande cha ndimu, kijiko cha tui zito, sukari, na pilipili iliyosagwa. Onja mvinyo peke yake kwanza. Kisha gusa chumvi kwa ulimi, unywe funda: mvinyo umelainika, utamu wa matunda umejitokeza. Suuza mdomo, lamba ndimu, unywe: mvinyo umekuwa bapa kama maji ya jana, na mbao zimebaki peke yake. Sababu ni kwamba ulimi ukishazoea asidi kali huiona asidi ndogo kama haipo, na ndimu ni kali mno kuliko Chardonnay. Sasa kijiko cha tui, funda moja: mafuta yamefunika ulimi, mvinyo umeyakata, na harufu ya nazi imerudi puani mara mbili. Sukari itakuonyesha kinyume cha ndimu, kwani mvinyo utakuwa mkavu, mkali na mchungu. Pilipili iache iwe ya mwisho. Kapsaisini ya pilipili na alkoholi huamsha vipokezi vilevile vya joto mdomoni, kwa hiyo asilimia 14 juu ya pilipili ni kumwaga mafuta ya taa kwenye mkaa. Hapo ndipo koo lako lilipowaka.

Sasa samaki. Kwa watu wanane chukua kilo 3 za samaki wazima, changu au chewa. Mwenye minofu myeupe na mafuta machache ndiye anayefaa. Vibua, dagaa na jodari waache siku hiyo: mafuta ya samaki wa aina hiyo yakikutana na chembe za chuma zilizomo kwenye mvinyo hutoa ladha ya kutu na shombo inayoganda mdomoni. Mvinyo mwekundu ndio wenye kesi kubwa zaidi, lakini mweupe nao hauna kinga kamili.

Mtie samaki chale tatu kila upande. Saga punje 8 za kitunguu saumu, tangawizi kipande cha kidole gumba na vijiko viwili vya chai vya chumvi, umpake ndani ya chale. Hapa mapishi ya kawaida hukamua ndimu tatu au nne. Wewe paruza ganda la kijani la ndimu mbili, lile la juu tu bila nyeupe yake, ulichanganye na viungo. Harufu ya ndimu imo kwenye ganda, ukali umo kwenye maji. Mvinyo unaipenda harufu na unaukimbia ukali. Maji ya ndimu weka kijiko kimoja cha chakula kwa samaki wote. Muache dakika 30.

Mchuzi wa kupaka unataka tui zito la nazi nne, kama ml 800, likamuliwe kwa maji machache ya vuguvugu. Tia kijiko cha chai cha manjano, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, kitunguu maji kimoja kilichosagwa, na chumvi. Pilipili mbuzi moja iingie nzima, na kikonyo chake, bila kutobolewa. Itaachia harufu yake yote bila moto wake. Ikipasuka umekwisha, kwa hiyo usiisumbue kwa mwiko, na itoe kabla ya kuteremsha sufuria. Anayependa kukata pilipili ajue kwamba ukali mwingi uko kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, kuliko kwenye nyama yake. Pika kwa moto mdogo ukikoroga upande mmoja bila kuacha hadi mchuzi upungue kwa theluthi na ushike mgongo wa kijiko. Tui likichemka kwa fujo hukatika, mafuta yakaelea na mchuzi ukawa kama mchanga. Nyanya usitie, au tia moja iliyoiva sana, iliyotolewa mbegu. Nyanya ni ndimu iliyovaa shati jekundu.

Mchome samaki juu ya makaa yaliyokwisha kushika majivu, si ya ndimi za moto. Akikaribia kuiva mpake mchuzi mara tatu, kila mara mgeuze, na uubakishe mchuzi wa kutosha kumwagia mezani. Kingo za kahawia ndizo tunazozitaka, kwa sababu ukaango wa pipa na ukaango wa makaa vinaelewana. Kingo nyeusi ni jambo lingine: uchungu wa ngozi iliyoungua hujumlishwa na uchungu wa mwaloni, na mgeni atalaumu mvinyo. Kwa jinsi ulivyoeleza, nashuku hata changu wako wa siku ile alikuwa na kipande cha namna hiyo.

Pilau ni rahisi zaidi, ila uipike ya kuku. Ya ng'ombe haitaharibu kitu, lakini nyama yake na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi hudai mvinyo mwekundu, na mweupe utaonekana umepungua. Kwa kilo moja ya mchele weka karafuu zisizozidi 6, iliki 8, vijiti viwili vya mdalasini na kijiko cha chai cha bizari nyembamba. Karafuu zikizidi hazikosei kwa harufu, zinakosea kwa ulimi: yujenoli hutia ganzi, ndiyo maana watu huweka karafuu kwenye jino linalouma, na ulimi wenye ganzi hauonji mvinyo wa aina yoyote. Pilipili manga punguza iwe nusu ya unayoizoea. Vitunguu vikaange kwa samli hadi rangi ya asali iliyokolea, usiende mbali zaidi. Nazi kwenye pilau hiyo sikushauri kwa kuwa samaki ameshaibeba; vyote viwili vikiwa na tui watu watashiba kabla ya sahani ya pili.

Kachumbari ndiyo iliyobaki na kesi, na najua hakuna pilau bila kachumbari. Usiifute, ibadilishe. Kata vitunguu vyembamba, vifikiche kwa chumvi, viache dakika 10, visuuze na kuvikamua; ukali umeondoka. Changanya na tango lililotolewa mbegu, parachichi gumu lililokatwa vipande, na kotmiri. Nyanya iwe moja tu kati ya bakuli zima. Ndimu matone machache, chumvi, basi. Siki usiilete mezani kabisa. Pilipili ya kusaga, achari ya maembe na ukwaju viwe kwenye vibakuli pembeni. Anayetaka atatia kwake, naye ashushie kwa maji ya dafu badala ya mvinyo. Huo si utani: dafu ni kinywaji kizuri cha pilipili kuliko chupa yoyote utakayonunua.

Kabla ya chakula, wape wageni korosho zilizobanikwa na kutiwa chumvi. Zina mafuta, zina chumvi, zina ukaango. Sidhani kuna kitafunio cha duka kinachoukaribia mvinyo huu kwa namna hiyo. Karanga zilizopakwa sukari au pilipili hapana.

Ukishaelewa mantiki hiyo ya mafuta, chumvi, ukaango na ukali mdogo, utaona meza yetu ina mengi ya kuupa mvinyo huu kazi. Kule Burgundy, Ufaransa, Chardonnay ya pipa huliwa na kuku wa krimu na uyoga, au samaki wa kukaangwa kwa siagi. Kazi ya krimu huko, kwetu hufanywa na tui. Kaa wa nazi na kamba waliokaangwa kwa siagi na kitunguu saumu ndio ninaowapa nafasi ya kwanza, juu hata ya samaki, kwa sababu nyama yao ina utamu wa asili unaopatana na vanila ya pipa. Kuku wa nazi, mbaazi za nazi, muhogo wa nazi, ndizi mbichi zilizopikwa kwa nazi na mahindi ya kuchoma yaliyopakwa siagi na chumvi vyote vinakwenda. Biriani iko katikati: mtindi wake una ukali, lakini samli na vitunguu hurudisha mizani, mradi mpishi hakuzidisha pilipili. Urojo na vyakula vya ukwaju visahau. Kaimati, visheti na ndizi mbivu za sukari pia; vikifika mezani, glasi ziwe zimekwisha, maana funda moja la Chardonnay kavu juu ya shira litaonekana kama siki.

Sasa baridi, kosa ambalo pengine ndilo lililokupa ule uchungu kwa kiasi kikubwa. Friji ya nyumbani hukaa kama nyuzi 4. Kwa baridi hiyo siagi, matunda na unene vyote hulala, na kinachobaki macho ni asidi na uchungu wa mbao. Mvinyo huu unataka nyuzi 10 hadi 13. Kwa joto la Tanga, itoe chupa kwenye friji dakika 15 hadi 20 kabla ya kumimina, uifungue, na uiache mezani kivulini. Kama haijaingia friji, tumia ndoo: nusu barafu, nusu maji, na konzi mbili za chumvi, chupa izame hadi shingoni kwa dakika 20. Barafu peke yake bila maji haishiki chupa, hugusa pointi chache tu, na utangoja mara mbili ya muda huo. Friza si mahali pake. Mvinyo huganda kama nyuzi 6 chini ya sifuri, ukisahau utakuta kizibo kimetoka na nusu ya chupa iko juu ya nyama. Na usitie barafu ndani ya glasi. Kwa upande mwingine, ukipita nyuzi 16 alkoholi huanza kupanda puani kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo chupa ikishamiminwa raundi ya kwanza irudi kwenye ndoo dakika tano.

Tumia glasi kubwa zenye tumbo, za mvinyo mwekundu kama unazo, na umimine theluthi tu. Glasi nyembamba hubana harufu ya pipa ikaja kama ngumi. Chupa mbili ni ml 1,500: kwa watu wanane ni ml 125 kila mmoja raundi ya kwanza, na nusu ya kiasi hicho raundi ya pili. Kwa hiyo usiimimine wakati wa korosho kwa wingi. Onjesha tu, uiweke akiba kwa samaki. Kama wapo wageni wasiokunywa, hakikisha hakuna tone lililoingia sufuriani. Hata kwa wanaokunywa, mvinyo wa pipa haufai kupikia: ukichemka na kupungua, mbao hukolea na mchuzi ukawa mchungu.

Siku nyingine ukienda dukani, soma lebo kwa makini kidogo. Chupa za Afrika Kusini zikiandikwa "unwooded" maana yake hazikuona pipa. Hizo ni nyepesi, zinaweza kuvumilia ndimu zaidi, na hazina ile nazi na karafuu niliyoisifu. Chablis ya Ufaransa nayo ni Chardonnay, lakini nyingi yake ni nyembamba na kali, inafaa chaza kuliko kupaka. Kama Chardonnay imekuchosha, tafuta Chenin Blanc, zabibu nyingine ya mvinyo mweupe, ya mizabibu ya zamani kutoka Swartland, Afrika Kusini, iliyochacha kwenye pipa. Ina uzito karibu sawa, ila asidi yake imebaki juu, kwa hiyo ndimu kidogo kwenye samaki haiiangushi. Kwa meza ya pwani naiona salama zaidi. Baadhi ya chupa hizo zina muhuri shingoni unaoonyesha mwaka mizabibu ilipopandwa, na mizabibu yenyewe lazima iwe na miaka 35 au zaidi. Viognier, mvinyo mwingine mweupe, ni nzito pia, lakini inanukia maua na aprikoti na asidi yake ni ya chini. Iweke na kuku wa iliki na zafarani, si na samaki wa makaa. Dodoma nako Chenin Blanc inalimwa, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ukiipata, angalia kama lebo inataja pipa. Isipotaja, ichukulie kama mvinyo mwepesi, uipoze zaidi hadi nyuzi 8, na huyo ndiye mwenzake wa changu wa ndimu uliyemla siku ile.

Ikibaki chupa nusu, ifunge kwa kizibo chake na kuisimamisha kwenye friji. Itakunywika siku mbili, tatu. Ambayo haijafunguliwa isikae jikoni juu ya kabati. Ilaze mahali penye giza na ubaridi, na kama nyumba haina mahali pa namna hiyo, sehemu ya chini ya friji ni bora kuliko joto la nyuzi 30 hadi mwisho wa mwezi.